Neno la Mke wa Filipo

Loisi alikuwa akipepeta uwele uani kwake pale watu wa kamba na vigingi walipoingia bila kupiga hodi. Mbele alitangulia askari wa boma, na nyuma yake vijana wawili wa kazi, mmoja amebeba nyundo begani. Askari alifumba jicho moja, akanyoosha mkono kuelekea upande wa reli, kisha akagusa ardhi kwa fimbo yake, karibu na mlango wa zizi.

"Hapa," akasema. "Pigilia."

Loisi akaweka ungo chini. "Jamani, mmepotea. Barabara haipiti huku. Inapita kule bondeni, kwa Bibi Mwajabu. Mji mzima unajua."

"Ilikuwa ipite kule, mama. Jumatatu baraza limeihamisha."

"Limeihamishia wapi?"

Askari aliinua uso. Alimtazama Loisi, akaitazama ile tembe ndefu yenye paa la udongo, akamtazama tena. "Wewe si mke wa Mzee Filipo?"

"Ndiye mimi."

"Na hakukwambia?"

Wale vijana wakatazamana. Mmoja kicheko kilimtoka, akakigeuza kikohozi. Loisi alihisi damu ikimpanda usoni, akainama kuokota ungo wake kana kwamba kilichomwinamisha ni kazi.

"Aliniambia," akasema. "Nilidhani mtakuja kesho."

Wakaendelea na kazi yao. Kigingi kimoja kwenye ghala la nje, kingine katikati ya ua pale alipozoea kuanika nafaka. Walipofika upande wa pili wa mlango wa zizi, kwenye tuta dogo lililozungushiwa mawe, Loisi aliita kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"Hapo msipige!"

"Pana nini?"

"Mwanangu."

Askari akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alimwashiria kijana asogeze kigingi kando kidogo. "Kigingi tumekisogeza, mama," akasema, "lakini usije ukadhani na barabara imesogea. Kamba imepita hapo hapo."

Walipoondoka, Loisi aliuendea uwele wake. Upepo wa mchana wa pale mjini Mazogole ulikuwa umekwisha kuupeperusha nusu yake mchangani. Akapiga magoti, akaanza kuokota.

* * *

Filipo alirudi jua likizama. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na tangu Akida Hasani alipomchagua kuwa mzee wa baraza kwa mtaa wao, alikuwa amezoea kutembea mikono nyuma kama wafanyavyo wakubwa. Loisi alimtengea ugali na mlenda, akamnawisha mikono. Kisha hakuketi.

"Leo nimepata wageni," akasema.

Tonge la Filipo likakomea njiani. Akalirudisha sahanini.

"Nilitaka kukwambia, Mama Yudith."

"Niambie basi. Nimesimama hapa nakusikiliza."

Filipo akamweleza. Bwana Shauri, yule Mdachi wa boma, alitaka barabara ya mikokoteni inyooke toka boma hadi reli, na mstari aliouchora ulipita juu ya nyumba ya Bibi Mwajabu. Baraza lilikuwa na utaratibu wake. Bwana Shauri anasema, mkalimani anatafsiri, kisha akida anawauliza wazee mmoja mmoja kuanzia mkono wa kulia, na kila mmoja anajibu "nimekubali", mpaka neno la baraza liwe moja. Asiyekubali hukwamisha wote.

"Wote walikubali," Filipo akasema. "Ikafika kwangu. Nikasema sikubali."

"Ulisema hivyo mbele ya Bwana Shauri?"

"Nilisema. Nikawaambia yule mama ni mtu wa Kondoa, mumewe alifia safarini na mizigo ya watu, hapa hana kaka wala mjomba. Mkiibomoa nyumba yake ataenda kulala wapi? Akida akacheka. Akasema, desturi ya baraza hili, anayekataa njia sharti aonyeshe njia nyingine. Asipoionyesha, kukataa kwake ni kelele tu."

"Ukaonyesha."

"Njia nyingine ni moja, Loisi. Upande wa juu ni mwamba, upande wa chini ni korongo. Hapa katikati tuko sisi."

"Ukawapa nyumba yangu."

"Nyumba yetu."

"Ingekuwa yetu ungeniuliza."

Filipo akafuta mikono yake taratibu, kidole kwa kidole. "Ningekuuliza vipi? Watu wote walikuwa wananikodolea macho."

"Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Jumanne umekula hapa. Jana umekula hapa. Umenisalimu asubuhi, umeniuliza kama ng'ombe wamekunywa."

Binti yao Yudith aliyekuwa amelala kwenye ngozi akageuka, akaguna. Loisi akampigapiga mgongoni mpaka usingizi ulipomchukua tena.

"Niliogopa," Filipo akasema.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema hapana. Nawe ukisema hapana, ningelazimika kurudi barazani nikamtoe Mwajabu kwa kinywa changu."

Loisi alitoka nje, akasimama ukutani. Angesema hapana? Hakujua. Mwajabu ndiye aliyempokea Yudith siku aliyozaliwa. Mwaka wa ndui, watu walipokuwa wakilipita lango lao mbio huku wamefunika pua, Mwajabu aliingia, akampakata mtoto wao Kefa mpaka alipokata roho. Huenda angelia siku mbili, tatu, kisha akasema, sawa, tumpe. Lakini sasa hakuwa na nafasi ya kulia wala ya kukubali. Mumewe alikuwa amelimaliza jambo peke yake, na sifa zake akazichukua peke yake.

* * *

Kisimani wanawake walimsogezea nafasi achote wa kwanza.

"Una mume, mwenzetu," mmoja akasema. "Wangu mimi hata kuku wake hampi mtu."

"Kasimama mbele ya Mdachi! Kwa ajili ya mjane asiye hata wa kwao!"

Loisi aliitikia, akatabasamu, akajitwisha mtungi. Walimsifu Filipo mbele yake kama watu wanavyomsifu marehemu mbele ya mjane. Hakuna aliyemuuliza mvua itamkuta amelala wapi. Akajua kwamba akisema neno moja la manung'uniko atakuwa mwanamke mwenye roho mbaya, aliyemtakia mjane abomolewe nyumba. Basi akashika njia ya nyumbani na maji yake, akiwaacha wakiendelea na sifa zao.

Mwajabu alikuja siku ya pili yake. Tangu waanze kujuana alizoea kuingia moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua chungu na kuuliza leo mnakula nini. Siku hiyo alisimama langoni, ushungi ameukaza.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sitaingia, mwanangu." Alikuwa akitazama vigingi. "Nimetoka kwa akida. Nimemwambia wachukue kwangu, nyumba ile nimewasamehe. Amesema neno la baraza likishakuwa moja haligeuzwi na mtu wa nje. Nikamwambia, lakini nyumba ni yangu, mimi ndiye ninayeitoa! Akasema nirudi kwangu nikashukuru."

Loisi alijua neno lililotakiwa hapo. Mtu anayemjia mwenzake na aibu mkononi hupokewa, huambiwa yaishe, huketishwa akapewa uji. Alilitafuta lile neno, likakwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Nenda ukapumzike, bibi," ndilo lililotoka. "Jua ni kali."

Mwajabu akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetarajia zaidi lakini anaona kapewa haki yake. Akageuka. Loisi alimtazama akishuka bondeni, akataka kumwita, asimwite.

* * *

Akida Hasani alikuwa mtu wa pwani. Alikuwa ameketi barazani kwake anakunywa kahawa na wageni wawili wakati Loisi alipopiga magoti mbele ya ngazi.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Wewe ni mke wa Mzee Filipo. Sema haja yako."

"Nina neno la kupeleka barazani."

"Neno la mke hupelekwa na mume wake. Asiye na mume, kaka yake. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mwambie Filipo."

"Neno lenyewe ni juu ya Filipo."

Akida alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Akawageukia wageni wake. "Mmesikia? Anataka kumshitaki mumewe, na mwakilishi wake ni huyo huyo mumewe!" Akajifuta, akamwonyesha Loisi kidole, bado anacheka. "Haya. Mwambie alilete. Desturi ni desturi. Jumatatu nitamwita."

Jioni Loisi alimweleza Filipo. Alidhani atakasirika. Filipo aliinamisha kichwa, akawa anachokoa udongo uliokauka kwenye jembe lake.

"Neno lenyewe ni lipi?"

Akamwambia. Halikuwa refu. Filipo alilisikiliza mpaka mwisho.

"Nilipeleke lote?"

"Lote. Usilipunguze, usilitie chumvi."

Siku zile zilizobaki Loisi alimsikia akilirudiarudia chini kwa chini, akichunga, akikata miti, kama zamani alivyojifunza katekisimu ya misheni kabla ya ubatizo. Mahali alipokosea alinyamaza, akaanza tena mwanzo. Na usiku walilala mgongo kwa mgongo, Yudith katikati.

* * *

Siku ya baraza wazee waliketi kwenye mkeka katika ukumbi wa boma, akida kwenye kigoda, Bwana Shauri kwenye kiti chenye mikono. Kando yake alisimama Bashiri, mkalimani, kijana wa Kirangi aliyejifunza Kidachi shuleni pwani. Wanawake hawakuruhusiwa kupita lango la ua, lakini ukuta ulikuwa mfupi na maneno yalivuka. Loisi alisimama hapo, mkono mmoja juu ya mawe.

Yalipokwisha mashauri ya mbuzi walioibwa, akida akainuka. "Mzee Filipo analeta neno la mke wake," akatangaza, "juu ya Mzee Filipo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni walicheka. Filipo akasimama katikati yao, mikono ikining'inia. Mgongo wake ulikuwa umemwelekea Loisi.

"Mke wangu Loisi anasema hivi," akaanza. "Anasema: mume wangu ametoa nyumba niliyoisiriba kwa mikono yangu. Ametenda jambo jema kwa kitu kisicho chake peke yake. Anasema: mtoto wetu Kefa amelala penye mlango wa zizi, na baba yake amempitishia mikokoteni juu ya kifua, kisha akarudi nyumbani akala chakula changu, asinitazame usoni. Anasema: simkatazi Mwajabu kukaa kwake. Nataka baraza lijue kwamba mimi sikuulizwa."

Kicheko kilikuwa kimekufa muda mrefu kabla hajafika mwisho. Bashiri akatafsiri, sentensi kwa sentensi, na Bwana Shauri akasikiliza, kidevu mkononi. Akauliza jambo.

"Bwana anauliza," Bashiri akasema, "mwanamke anataka nini?"

Filipo akageuza kichwa kuelekea ukutani, macho yake yakakutana na ya mkewe. Lakini kumuuliza mtu aliye nje ya ukumbi haikuwa desturi. "Hakuniambia zaidi ya hayo," akajibu.

"Anataka fidia?"

"Hakusema fidia."

"Anataka barabara ipite kwingine?"

"Hakusema hivyo."

"Anayekataa sharti aonyeshe njia nyingine!" akida akadakia.

"Hakukataa, bwana akida. Amesema hakuulizwa."

Bwana Shauri akatoa saa mfukoni, akaitazama, akasema maneno machache. Akida akaanza kuuliza toka mkono wa kulia: barabara ibaki ilipopitishwa? Nimekubali, akasema wa kwanza. Nimekubali. Nimekubali. Sauti zilikuja moja baada ya nyingine mpaka zikamfikia Filipo aliyekuwa bado amesimama.

Loisi aliubana ukuta, vijiwe vikamkwaruza kiganja. Alijua kama Filipo alivyojua kwamba akisema sikubali, kamba itarudi bondeni kwa Mwajabu, maana kwingine hakuna. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi palivyokuwa padogo pale mumewe aliposimama, na bado hakumhurumia, na hilo likamtisha.

"Nimekubali," Filipo akasema.

Neno likawa moja. Bwana Shauri aliwapa ruhusa ya kuvuna kwanza ndipo wahame, akainuka. Wanawake waliokuwa ukutani wakaanza kutawanyika, wakimpisha Loisi kwa mbali kama mtu mwenye msiba ambao haujulikani wa nani.

Bashiri alimkuta bado amesimama hapo. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "neno lako nimelifikisha lote. Sikuacha kitu."

"Ahsante, baba."

Alilichukua hilo, akaenda nalo nyumbani.

* * *

Walivuna. Kisha Filipo akapanda juu ya tembe, akaanza kuparua udongo wa paa kwa jembe, na Loisi akawa anapokea nguzo na fito kutoka chini, maana baraza lilisema kila mtu avunje kilicho chake. Maneno yao yalikuwa ya kazi tu. "Shika." "Nimeshika." "Angalia mguu." Nguzo nyingine ziliingiliwa na mchwa, zikabaki pale pale. Kwa zile nzima walijenga kinyumba kidogo chini ya mwamba, ambako jua lilichelewa kufika asubuhi.

Mwalimu wa misheni alikuja, mtu mwema, akasema mifupa ya mtoto inaweza kuhamishiwa kwenye makaburi ya kanisa. Filipo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe.

"Wewe unasemaje?"

Loisi alikuwa amelingoja swali hilo tangu siku ya vigingi. Lilipokuja lilimkuta mikono mitupu. Alifikiria jembe likiingia pale, akafikiria watakachokiona, na Mwajabu, mtu pekee ambaye angemshauri, alikuwa hajakanyaga kwao tangu ile siku ya langoni.

"Mwacheni," akasema. "Ameshapazoea."

Watu wa zamu ya kazi walitoka Haneti na vijiji vya kando, wakachimba, wakamwaga kokoto, wakashindilia kwa magogo huku wakiimba kwa amri. Yale mawe yaliyozunguka tuta yalikuwa mazuri, ya ukubwa mmoja. Msimamizi aliyatia kwenye barabara.

Kabla kazi haijamalizika Mwajabu aliondoka. Aliungana na wachuuzi wa chumvi waliokuwa wakirudi Kondoa, akafunga mlango wa nyumba yake kwa kamba, akaenda. Habari aliileta jirani. "Kasema hapati usingizi mle ndani. Kasema nyumba ile imelipiwa kwa kaburi la mtoto aliyemlea mwenyewe."

Filipo alikuwa akila. Aliendelea kula, taratibu sana, mpaka sahani ikaisha, kisha akakaa akiitazama. Loisi alichukua kitambaa chake, akashuka bondeni. Mbuzi wa watu walikuwa wamekwisha ingia uani kwa Mwajabu wakitafuna boga lililosahaulika. Akawafukuza. Akasimama mbele ya ule mlango, akasema kwa sauti, "Karibu, bibi, uketi," neno lile lile lililomkwama, na ukuta haukuitika. Mbuzi wakarudi.

* * *

Barabara ilikuwa nzuri. Hilo hakuna aliyelikana. Mikokoteni ilipita bila kukwama na watu waliokwenda reli waliwahi kurudi kabla ya giza. Akida Hasani aliionyesha kwa wageni, na kila alipoionyesha alisema, "Hii ni kazi ya baraza letu."

Loisi aliitumia kama wengine, ila mahali pamoja. Akifika palipokuwa na mlango wa zizi alishuka kando, akapita kwenye majani na miiba, akarudi barabarani mbele. Mwanzoni watu walimtazama. Baadaye wakazoea, na hakuna aliyemfuata.

Jumapili moja baada ya mvua za kwanza walikwenda kanisani pamoja, Yudith mgongoni mwa mama yake. Filipo alitangulia, shuka lake jeupe, mikono nyuma. Mbele yao akida alikuwa amesimama na watu wake wakitazama mfereji uliozibwa na mchanga. Walipofika pale pale, Loisi akashuka kando bila kusema kitu.

Filipo alisita. Alimtazama mkewe aliyekuwa tayari ameinua nguo asinaswe na miiba, akatazama mbele kwa akida. Mzee wa baraza hakuweza kuonekana akiikwepa barabara ya baraza. Akaendelea moja kwa moja, lakini hatua zake zikapungua, zikapungua zaidi, mpaka akawa anatembea kama mtu mwenye mguu unaouma. Loisi aliona kwa pembe ya jicho. Hakuharakisha.

Walifika mbele wakati mmoja, yeye akipanda kutoka majanini, Filipo akiwa kwenye kokoto. Filipo akampa mkono apande. Loisi akautazama ule mkono, akaushika, akapanda, akauachia.

"Kumelowa huko," Filipo akasema.

"Kumelowa."

Wakaenda kanisani.